Pima Udongo Kabla ya Kuchimba

Maandishi ya mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi vya Ushetu



Nimeombwa kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo katika mikutano yetu huachwa chini kabisa ya ajenda, mahali pa "mengineyo", wakati wajumbe wamekwisha kuchoka na wengine wanatafuta baiskeli zao. Jambo lenyewe ni vyoo vya chama, matangi ya maji machafu, vibali vyake, na udongo unaoyapokea maji hayo. Natumaini hamtasema kwamba mkaguzi ameviacha vitabu vya hesabu akaingia mambo yasiyomhusu. Vitabu hivyo hivyo ndivyo vilivyonifikisha katika habari hii.

Katika chama kimoja, ambacho sina haja ya kukitaja, nilikuta hati tatu za malipo kwa kazi moja. Hati ya kwanza ililipia tangi na shimo la kufyonzea maji, lililochimbwa mwezi wa Agosti nyuma ya ghala, penye udongo mweusi. Hati ya pili, ya miezi sita baadaye, iliwalipa vibarua waliochota maji yaliyofurika. Hati ya tatu, ya mwaka uliofuata, ililipia shimo jingine, hatua chache tu kutoka lile la kwanza, katika udongo ule ule. Sahihi zote zilikuwapo. Muhtasari wa Bodi ulikuwapo. Kwa upande wa hesabu tupu, sikuwa na la kuuliza. Lakini katika jalada zima hapakuwa na karatasi hata moja iliyoonyesha kuwa udongo ulipimwa, wala barua yoyote ya Afisa Afya. Fedha za wanachama, zilizokatwa kilo kwa kilo katika tumbaku yao, zilikuwa zimezikwa ardhini mara mbili.

Basi tuanze na kazi ya tangi lenyewe, kwa maana watu wengi hudhani tangi husafisha maji. Tangi la septiki, ambalo wengine huliita karo, lina kazi ya kuyatuliza maji. Vitu vizito huzama chini vikawa tope, mafuta na povu huelea juu, na maji ya katikati hutoka kwenda katika shimo la kufyonzea. Mfaransa aitwaye Jean-Louis Mouras ndiye aliyepata hati ya ubunifu wa tangi la namna hiyo mwaka 1881, na tangu siku hizo kanuni yake haikubadilika sana. Tangi jema lina vyumba viwili, cha kwanza kikiwa na urefu maradufu ya cha pili, na linatakiwa kuyashika maji kwa muda wa siku nzima au zaidi kabla ya kuyatoa. Hata hivyo, maji yatokayo humo bado yamejaa vijidudu vya kipindupindu, vya homa ya matumbo na vya kuhara. Anayeyasafisha ni udongo. Maji yanapopita polepole katika udongo wenye hewa, vijidudu hunaswa na kufa njiani. Udongo ukiyapitisha mbio mno, vijidudu hufika kisimani vikiwa hai. Udongo ukikataa kuyapitisha, maji hurudi juu ya ardhi, wanapokanyaga watoto na kuku.

Kwa hiyo, anayejenga choo cha maji bila kuujua udongo amejenga nusu ya choo.

Sisi wa huku hatuna udhuru wa kutoujua udongo wetu. Mtaalamu G. Milne, aliyekuwa katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, alieleza katika miaka ya 1930 jinsi udongo wa Afrika Mashariki unavyofuatana kwa utaratibu kutoka kilimani hadi bondeni, akauita mfuatano huo katena, maana yake mnyororo. Neno hilo sasa hutumiwa na wataalamu wa udongo duniani kote. Lakini wazee wetu wa Usukuma na majirani zao walikuwa na majina ya pingu za mnyororo huo: luseni, kichanga chepesi cha juu kitokanacho na mawe, itogolo, udongo wa chini ya mteremko wenye tabaka gumu ndani yake, ibambasi, ule mgumu usiopenda kupokea mvua, na mbuga, udongo mweusi wa bondeni. Mkulima anajua ni upi wa kupanda mpunga na ni upi wa kupanda karanga. Maarifa hayo hayo ndiyo yatakiwayo katika kuchimba shimo.

Tuutazame mmoja mmoja. Kichanga chepesi, ambacho ndicho tumbaku yetu inakipenda kwa kuwa hakituamishi maji, hufyonza vizuri sana. Hapo ndipo hatari yake ilipo: kinaweza kuyapeleka maji machafu haraka kuelekea kisimani. Penye itogolo na ibambasi, fundi huchimba kwa furaha mpaka afike tabaka gumu. Maji ya choo nayo hufika hapo yakasimama, kisha yakatafuta njia ya pembeni. Udongo wa mbuga ni mdanganyifu kuliko wote. Wakati wa kiangazi hupasuka, na ukimwaga ndoo ya maji katika ufa wake huoni hata tone. Mvua zikianza, udongo huo huo huvimba, nyufa zote hufumba, na shimo lililokuwa likimeza kila kitu huwa kama chungu kilichochomwa. Mashimo mengi ya mbugani huchimbwa kiangazi, kwa kuwa ndipo vibarua wanapopatikana, na aibu yake huonekana mvua zikishika.

Aidha, katika ukanda wetu huu wa dhahabu iko hali nyingine. Mahali penye mwamba uliopasuka, maji machafu hupita katika nyufa bila kuchujwa, na huweza kwenda mbali. Pia yako maduara ya zamani yaliyoachwa na wachimbaji. Najua yapo mawazo kwamba duara lililo tayari ni shimo la bure. Ndugu zangu, mtu asigeuze duara kuwa choo au shimo la kufyonzea. Kina chake kinaweza kufika kwenye maji ya ardhini, na hapo utakuwa umeyamimina maji machafu ndani ya kisima cha kijiji kwa bomba.

Sasa nieleze namna ya kupima. Haihitaji mashine. Yahitaji jembe, ndoo, rula, saa na subira.

Kwanza, chimbeni mashimo madogo yasiyopungua matatu katika eneo lililokusudiwa, kila moja likiwa na upana wa sentimita 30 hivi, mpaka kina ambacho maji yatafyonzwa. Pili, kwaruzeni kuta zake kwa msumari au kisu, maana jembe hupaka udongo kama lipu na kuziba vinyweleo vyake. Wekeni kokoto kiasi cha sentimita 5 chini. Tatu, jazeni maji mpaka sentimita 30 na kuendelea kuyaongeza, kisha mwache udongo ulowe usiku kucha. Hatua hii ndiyo mafundi wenye haraka wanayoiruka, nayo ndiyo inayoufichua ujanja wa mbuga, kwa sababu hulazimisha udongo uvimbe kama utakavyovimba wakati wa mvua. Nne, siku ya pili rudisheni maji yawe sentimita 15 juu ya kokoto, na kila baada ya nusu saa mpime yameshuka kiasi gani. Andikeni.

Kipimo kinachotumika katika nchi nyingi ni hiki: maji yakichukua zaidi ya dakika 60 kushuka milimita 25, mahali hapo hapafai kwa shimo la kawaida la kufyonzea. Yakishuka milimita hizo kwa muda usiofika dakika 1, udongo ni mwepesi mno na visima vya jirani vimo hatarini. Huko Marekani, kaunti nyingi za mashambani hazimpi mtu kibali cha kujenga nyumba yenye tangi lake mpaka udongo wa kiwanja chake umekwisha kupimwa. Hawafanyi hivyo kwa kupenda urasimu. Wamejifunza kwamba kuhamisha alama ya chaki ni rahisi kuliko kuhamisha tangi la zege.

Ili jambo hili liingie katika lugha ya hesabu, tuchukue mfano. Tuseme siku ya soko watu 100 wanatumia choo cha chama, na kila mmoja anatumia lita 10. Hizo ni lita 1,000 kwa siku. Katika miongozo inayojulikana, mita moja ya mraba ya ukuta wa shimo huweza kupokea kiasi cha lita 50 kwa siku katika kichanga, lita 25 katika tifutifu, na lita 10 tu katika mfinyanzi usiovimba. Shimo la mviringo lenye kipenyo cha mita 2, na kina cha mita 2 chini ya bomba, lina ukuta wa mita za mraba 12 na nusu hivi. Basi kwa kazi ile ile, mtahitaji mashimo 2 katika kichanga, 4 katika tifutifu, na 8 katika mfinyanzi. Katika mfinyanzi unaovimba, yaani mbuga, hata hayo 8 hayatoshi. Katibu anayepeleka kwa wanachama makisio ya shimo moja, pasipo kujua udongo ni wa namna gani, anawapa wanachama bei ya kitu asichokijua.

Yafaa pia kujiuliza kama choo cha maji chahitajika kweli. Choo cha shimo chenye bomba la hewa, ambacho kilifanyiwa utafiti na kuenezwa kutoka nchi ya Zimbabwe tangu miaka ya 1970, hakihitaji tangi wala maji ya kuvuta. Bomba hutoa harufu, na wavu juu yake huwanasa nzi. Kwa familia ya watu 8, tukikadiria lita 60 za uchafu kwa mtu kwa mwaka, miaka 5 huleta lita 2,400. Shimo la mita 1 kwa mita 1, lenye kina cha mita 3, litatosha na kubakiza nusu mita ya kufukia. Chama ambacho hakina maji ya bomba ya uhakika, kikijenga vyoo vya kuvuta kwa kutaka fahari, baada ya muda kitakuwa na milango iliyofungwa kwa kufuli na wanachama wanaokwenda vichakani.

Nije kwenye umbali. Shimo la choo au la kufyonzea liwe angalau mita 30 kutoka kisimani, nalo liwe upande wa chini wa mteremko. Penye mwamba uliopasuka, umbali huo uongezwe. Kati ya chini ya shimo na maji ya ardhini pabaki udongo mkavu usiopungua mita moja na nusu, na ikiwezekana mita 2, vipimo hivi vikihesabiwa kwa kina cha maji wakati wa mvua. Ulizeni wenye visima jirani maji hupanda mpaka wapi mwezi wa Machi. Msiridhike na jibu la Septemba. Tena, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa.

Mambo haya yana uzito wa pekee katika mkoa wetu. Mradi wa visima vifupi wa Shinyanga, uliosaidiwa na Uholanzi kuanzia mwaka 1974, ulivipa vijiji vingi pampu za mkono. Visima vya namna hiyo huchimbwa mabondeni, ambako maji yako karibu. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2009 maji ya Ziwa Victoria yamekuwa yakiletwa Kahama na Shinyanga kutoka Ihelele, lakini wako wanachama wengi ambao bado wanateka kisimani. Maghala yetu yako juu, visima viko chini, na maji hayapandi mlima. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam mwezi wa Agosti 2015 kilienea katika mikoa mingi ya Bara. Siku ya soko huwakutanisha watu wa vijiji vingi mahali pamoja. Mgonjwa mmoja na shimo moja linalovuja vyatosha kuwapeleka nyumbani na kitu kingine zaidi ya malipo.

Sasa niseme juu ya vibali. Makatibu wengi huniuliza, "Ndugu Mkaguzi, sisi tuko kijijini, kibali cha nini?" Jibu linategemea mahali mlipo na maji mnayoyatoa.

Kama eneo limetangazwa kuwa la mipango chini ya Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007, hakuna ujenzi bila kibali cha halmashauri, na michoro inayopelekwa lazima ionyeshe njia ya maji machafu. Kama mko katika ardhi ya kijiji, anzeni na Serikali ya Kijiji na mpango wake wa matumizi ya ardhi, mhakikishe kiwanja ni cha chama kwa maandishi, kisha mwombe Afisa Afya afike kuona mahali kabla jembe halijagusa ardhi. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa uwezo wa kukagua na kuagiza marekebisho. Ni afadhali aagize mabadiliko katika mchoro kuliko katika zege. Na kama maji machafu yataelekezwa mtoni au katika chanzo chochote cha maji, basi Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde. Chama kisiyaelekeze maji machafu kwenye mtaro au kijito kwa makubaliano ya mdomo na jirani.

Ombi lipelekwe kwa barua, nakala ibaki, na malipo yoyote yapewe stakabadhi. Kama hakuna stakabadhi, hakuna malipo. Hiyo ndiyo kinga yenu na kinga ya ofisa pia.

Kwa hiyo, Ndugu Makatibu, jalada la ujenzi wa choo nitakalofurahi kulikuta liwe na karatasi sita: uamuzi wa mkutano pamoja na makisio yaliyopitishwa, uthibitisho wa kiwanja, matokeo ya kupima udongo, yenye tarehe na majina ya waliopima, mchoro unaoonyesha umbali wa kisima, mteremko na kina cha maji, barua ya Afisa Afya na kibali kinachohusika, na mkataba wa fundi unaosema malipo ya mwisho yatatolewa baada ya kazi kukaguliwa. Kabla ya kuamua kujenga tangi, ulizeni pia ni gari gani litakalolinyonya litakapojaa tope, litapita njia gani, na litamwaga wapi mahali palipoidhinishwa. Tangi lisilofikiwa na gari ni deni ambalo halikuandikwa katika vitabu.

Wako wanachama watakaosema kwamba ushirika ni wa tumbaku na pamba, na kwamba choo ni kazi ya Serikali. Hoja hiyo nimeisikia, na haifai kudharauliwa, maana kila shilingi ya chama ina mwenyewe. Ninajibu hivi. Mwaka 1995, Muungano wa Ushirika wa Kimataifa uliokutana Manchester uliongeza kujali jamii kuwa msingi wa saba wa ushirika. Lakini hata tukiuacha msingi huo kando, mwanachama anayelala kwa homa ya matumbo wakati wa kuchuma majani hapeleki mzigo ghalani, na mkopo wake wa mbolea haulali naye. Aidha, nchi yetu ina mfano wake. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakachukua majembe wakachimba vyoo vyao. Hakuna aliyeambiwa kuwa afya ni jambo la ofisi peke yake.

Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, katika miaka ya 1950, walijenga ushirika wao juu ya dai moja: kwamba pamba ipimwe kwa mizani ya haki, mbele ya macho ya mwenye pamba. Waliukataa uzito wa kukisia. Sisi watoto na wajukuu wao hatukubali hata leo mzigo wa tumbaku ununuliwe kwa kuutazama tu. Nawaomba mwuombee udongo haki ile ile. Mwezi ujao vyama kadhaa vitaleta makisio ya ujenzi katika mikutano yao mikuu. Mwanachama yeyote ainuke aulize swali moja: "Udongo umepimwa?" Kama jibu ni hapana, kifungu hicho kisipitishwe siku hiyo. Kupima kutachukua siku mbili; mkutano utakuwa umewaokolea wanachama fedha za miaka.

Waswahili husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa mbuga ndugu zangu hauzibiki, tuukwepe mapema.